Kabla hamjatia saini, fikeni Gazi

Dada, umeuliza kama kikundi chenu cha Pangani kimkubali mfadhili anayetaka mpande mikoko muuze kaboni, yaani mlipwe kwa hewa ya ukaa inayofyonzwa na kuhifadhiwa na mikoko hiyo. Mkubalini, ila msiharakishe.

Nendeni kwanza Gazi, Kwale, huko Kenya, mkaone Mikoko Pamoja, mradi wa wanakijiji wa kutunza mikoko. Mradi ulianza 2013, nao wanauza kaboni ya hekta 117, chini ya viwango vya Plan Vivo, shirika linalothibitisha miradi ya kaboni ya jamii, na fedha zimeingia kwenye maji na shule. Mwaka 2017 UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, iliwapa Tuzo ya Ikweta. Nguvu yao ni kamati ya wanakijiji: watu hukaa barazani wakaamua pesa iende wapi. Hilo liandikwe kwenye mkataba wenu, tena kwa Kiswahili. TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, nao muwashirikishe mapema, maana mikoko ni hifadhi ya Serikali.

Halafu msipande popote. Sisi tulichomeka miche ya mkoko, ile aina yenye mizizi mirefu kama miguu, kwenye mchanga unaopigwa na mawimbi. Miezi mitatu baadaye vilibaki vijiti vikavu vimejaa chaza. Ukingo wa bahari ni wa mlilana, aina nyingine ya mikoko. Waulizeni wazee wavuvi.

Na kuni je? Gazi walipanda mivinje, miti ya kuni na nguzo, ili watu wasirudi kukata mikoko. Anzeni nayo hiyo, hata kabla mfadhili hajafika.