Barua kwa mwanangu: nani kavamia, nani kajibu

Mwanangu Koku,

Marahaba. Huku Bukoba hatujambo, baba yako miguu inamsumbua tu.

Umeniuliza kwa nini mhariri wako aliikata sentensi yako, "Jeshi lilijibu mashambulizi ya waasi na kusababisha vifo vya raia kijijini", akaandika pembeni "nani kasema?" Ukataka pia nikutofautishie kuvamia, kushambulia, kujibu mashambulizi na kulipiza kisasi. Mhariri wako simjui, ila hapo yuko sahihi.

Kuvamia ni kuingia kwa watu kwa nguvu. Majambazi huvamia duka. Mwishoni mwa Oktoba 1978 askari wa Idi Amin walivamia huku kwetu, wakashika eneo lote mpaka mto Kagera, wakasomba ng'ombe, wakapora kiwanda cha sukari. Tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba eneo lile sasa ni la Uganda. Kushambulia si lazima uingie: mzinga unaofyatuliwa kutoka ng'ambo unashambulia bila mtu kuvuka mpaka. Kwa hiyo nikisikia redioni "ndege zilivamia mji" natamani kupiga simu.

Kujibu ndiko kwenye mtego. Redio Uganda siku zile ilikuwa ikidai kwamba Tanzania ndiyo iliyoanza. Sisi tuliokuwa watoto wa shule huku, tukiona watu wanakimbia kutoka Kyaka na vitanda kichwani, tulijua nani kaanza. Msikilizaji wa mbali angejuaje? Hakuna jeshi duniani linalotangaza "leo tumeanza". Kifungu cha 51 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa kinaitambua haki ya nchi kujilinda ikishambuliwa kwa silaha, basi kila upande hutaka uandikwe kuwa ndio uliojibu. Ukiandika "lilijibu" kwa kauli yako mwenyewe, umeshatoa hukumu kabla kesi haijasikilizwa.

Mwalimu Nyerere alipohutubia taifa tarehe 2 Novemba hakuzungukazunguka. Alisema uwezo wa kumpiga Amin tunao, sababu tunayo, na nia tunayo. Kumpiga, basi, hakusema kujibu. Sababu aliitaja kando, mtu aipime mwenyewe.

Kuhusu kisasi nitakuambia jambo ambalo sherehe za mashujaa hazilitaji sana. Mapema 1979 JWTZ, jeshi letu la Tanzania, walivuka wakauteka Mutukula, upande wa Uganda. Askari waliokuwa wameona yaliyofanyika Kagera waliubomoa mji ule, na raia wakauawa. Mwalimu alipopata habari alishtuka, akaagiza raia na mali zao wasiguswe tena. Kupigana na jeshi lililokuvamia ni kujibu. Kumuua mama wa Mutukula kwa sababu ya mama wa Kyaka ni kisasi, hata kama aliyefanya hivyo ni askari wetu niliyempungia mkono akipita na lori. Ukitaka kujua neno lipi linafaa, uliza kwanza pigo limempata nani.

Kukomboa nako ukuangalie. Sisi tunasema tuliikomboa Kampala Aprili 1979, na mimi nasema hivyo mpaka leo, wala sitaacha. Lakini Januari 2025 waasi wa M23 nao walisema wameukomboa mji wa Goma, mashariki mwa Kongo. Kwenye habari andika "waliuteka", kisha umnukuu anayesema "kukomboa".

Halafu kuna viambishi vinavyoficha watu. Umeona taarifa za polisi: "kulitokea kurushiana risasi". Hiyo -ana inagawa kosa nusu kwa nusu hata pale ambapo mmoja tu ndiye alikuwa na bunduki. Vilevile "mapigano yalizuka", kana kwamba ni moto wa nyika. Na wale "wananchi wenye hasira kali" waliomshambulia mtuhumiwa: hasira inatajwa, aliyeshika jiwe hatajwi. Kushambuliana kuandike pale tu ulipo na uhakika kwamba pande zote mbili zilishambulia.

Watangazaji wa mpira siwagusi. Wao waseme Simba wanashambulia, Yanga wanajibu mapigo. Dakika tisini zikiisha kila mtu anakwenda kwake.

Sasa sentensi yako. Mimi ningeandika hivi: "Raia waliuawa kijijini baada ya jeshi kupiga mizinga. Msemaji wa jeshi amesema walikuwa wakijibu mashambulizi ya waasi. Waasi wamekanusha kushambulia." Weka idadi ya waliokufa mwanzoni kabisa kama unayo na umeithibitisha. Na kama waasi hujawapata kwenye simu, andika kwamba hawakupatikana, usiwasemee.

Mama yako