Kioo cha umeme kisichopanda

SWALI: Nina gari dogo lenye paa la kukunja. Kioo cha dereva hakipandi, ingawa nikibonyeza swichi nasikia mota ikinguruma mlangoni. Je, naweza kukitengeneza mwenyewe?
Msomaji, Mikindani, Mtwara

JIBU: Unaweza, ndugu msomaji. Kwa kuwa mota inanguruma, fyuzi na swichi ni nzima. Kinachoshukiwa zaidi ni regulata, yaani mtambo unaobeba kioo, ambao waya wake wa chuma hukatika au vishikizo vyake vya plastiki huvunjika, na upepo wa chumvi wa pwani yenu huharakisha kutu. Ukienda kununua nyingine, hakikisha ni ya mlango wa kulia na ya gari la paa la kukunja, kwani ya ndugu yake mwenye paa gumu mara nyingi haiingiliani.

Chomoa kwanza waya hasi wa betri, fungua paneli ya mlango, kisha bandua taratibu nailoni iliyo nyuma yake bila kuichana, maana ndiyo inayozuia maji yasiingie ndani.

Ugumu uko kwenye kioo chenyewe. Mlango wa gari hili hauna fremu ya juu, hivyo kioo hukutana moja kwa moja na mpira wa paa, na kikirudishwa kimeinama hata kidogo mvua itapenya. Wekea alama mahali pa kila nati kabla ya kuilegeza, na mtu mwingine akishikilie kioo. Betri ikirudishwa, magari mengi huhitaji ukipandishe kioo hadi mwisho na kuendelea kushikilia swichi kwa sekunde chache. Utaratibu kamili umo katika kitabu cha gari.