Una saa moja Barajas, uwanja wa ndege wa Madrid? Kula bocadillo

Ndugu, kwa saa moja Madrid kabla ya ndege ya London, mambo ya kukaa mgahawani yaache. Agiza bocadillo de jamón: mkate mkavu kwa nje, ndani vipande vyembamba vya paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi. (Kama nguruwe huli, ulizia tortilla, ile ya mayai na viazi.) Ukiona ibérico (nyama ya nguruwe wa Iberia) yenye lebo nyeusi, huyo ni nguruwe wa Iberia halisi, asiyechanganywa, aliyenenepeshwa kwa mbegu za mwaloni; bei yake imechangamka. Yale mafuta meupe usiyabandue, yakilainika vidoleni ndiyo utamu wenyewe. Ila usifungashe: tangu Aprili 2025 Uingereza imezuia wasafiri kuingiza nyama ya nguruwe kutoka Umoja wa Ulaya, hata ya ndani ya mkate.