Maswali ya Wasomaji: Solo Yangu Inakwaruza

SWALI: Najifunza “Autumn Leaves”, wimbo maarufu wa jazi, kwa gitaa, katika E maina. Kodi (noti zinazopigwa pamoja) nne za mwanzo nazimudu kwa skeli, yaani ngazi ya noti, ya G meja, lakini zinazofuata solo inakwaruza. Nakosea wapi?

JIBU: Kosa liko kwenye B7. Mfuatano ni Am7, D7, Gmaj7, Cmaj7, F♯m7♭5, B7, kila moja baa (kipimo cha mapigo) moja, kisha Em baa mbili. Skeli ya G ina D ya kawaida, ilhali B7 inadai D♯; zikigongana ndipo masikio yanauma. Hapo ipandishe D nusu hatua. Na F♯m7♭5 (♭5 ni noti ya tano iliyoshushwa) isigeuke F♯m7: C lazima ibaki, isiwe C♯.

Kisha pigia kila kodi noti mbili tu, ya tatu na ya saba ukihesabu kutoka noti inayoipa kodi jina. Kwa Am7, anza na C na G. G inashuka F♯, C inashuka B, F♯ inashuka E, B inashuka A, E inashuka D♯. Moja inashuka, mwenzake anamngoja. Huo ndio utamu wa wimbo huu! Joseph Kosma aliutunga Ufaransa miaka ya 1940, Jacques Prévert akaandika maneno. Sikiliza rekodi ya mpiga saksafoni Cannonball Adderley na mpiga tarumbeta Miles Davis ya 1958, lakini wao wako G maina.