Likelemba ya kutembea: namna ya kuipanga isivunjike

Aliyezoea likelemba, yaani kikundi cha kuchangiana pesa kwa zamu, hapa Lubumbashi anajua tayari nusu ya kazi hii: watu wanaoaminiana, mchango, daftari. Tofauti ni kwamba kila mtu anaweka pesa yake siku ya kwanza, kisha anairudisha kwa miguu.

Pesa lazima itangulie. Mwaka 2016 watafiti wa University of Pennsylvania, Marekani, walitoa matokeo ya wafanyakazi 281 waliotakiwa kupiga hatua 7,000 kwa siku. Wasiolipwa walifikia lengo katika 30% ya siku. Waliolipwa dola 1.40 kila walipofaulu, 35%. Lakini walioandikiwa dola 42 mwanzoni mwa mwezi na kukatwa 1.40 kila siku waliyoshindwa, 45%. Pesa ni ileile, ila kunyang'anywa kunauma kuliko kunyimwa.

Basi, kusanyeni watu 8 mpaka 10 kwa wiki 12, kila mmoja dola 12. Dola ya wiki inaokolewa kwa kutembea mara 4, dakika 40 kila mara, kwa mwendo unaokuruhusu kuongea lakini si kuimba. Jumla ni dakika 160, na Shirika la Afya Duniani linataka angalau 150. Andikeni dola tu, maana franka ikishuka katikati mtagombana siku ya kurudishiana. Pesa ya unga isiguswe: mwenye uwezo mdogo aweke 6, akatwe nusu dola.

Tafadhali, msilipe mtu kwa kilo alizopunguza. Uzito hupanda na kushuka hata kilo moja au mbili kwa siku kwa sababu ya maji, chumvi na chakula kilicho tumboni. Anayetaka dola yake ataacha kunywa maji tangu jana yake, au atameza dawa ya kuharisha. Mwenye ugonjwa wa sukari anayetumia dawa anaweza kuzimia akijinyima chakula. Huyo aanze kwa daktari.

Kwa upande wa chakula, wekeni dau kwenye sucré, yaani soda. Chupa ya kola ya mililita 330 ina karibu gramu 35 za sukari, vijiko vya chai kama 9, na bei yake inaweza kuingia kwenye lengalenga au matembele. Kupunguza bukari (ugali) ni vizuri, ila msikate mtu pesa kwa ajili yake: hakuna anayeona sahani ya mwenzake nyumbani.

Simu inahesabu hatua hata mtoto akiitikisa. Tembeeni wawili wawili, mkibadilishana wenzi kila wiki, kwani marafiki waliozoeana huanza kusainiana daftari bila kutembea. Daftari lishikwe na mmoja, pesa na mwingine. Mvua za Novemba zikiharibu siku, ihamishwe ndani ya wiki ileile. Msamaha ni wa ugonjwa na matanga tu.

Pesa iliyokatwa wasigawane waliofaulu, wasije wakaombea wenzao washindwe. Inunue samaki na mboga za siku ya mwisho, wale wote.

Kuanzia wiki ya 9 fanyeni hesabu ya daftari kila wiki mbili badala ya kila wiki, ili miguu izoee kutoka bila kungoja dola. Wiki ya 13 hakuna dau, lakini daftari lifunguliwe saa ileile.