Mtoto wa Miaka 8 Hana Haja ya Maneja

Shule zinafungwa Julai, na kambi za michezo za vakansi zimeanza kubandika matangazo hapa Lubumbashi, kuanzia Kamalondo hadi Ruashi. Barua zenu ni nyingi. Wengi mnauliza habari za Ulaya, wachache mnauliza habari za maji. Nawajibu kwa zamu, na nitakayemjibu kwa mstari mmoja asinune.

Mwanangu ana miaka 8, anawapiga chenga hata wa miaka 12. Watu wa Ulaya huja kambi gani kutafuta wachezaji? (Papa, Kampemba)

Papa, hawaji. Kambi inayokuambia wanakuja, ikimbie. Kifungu cha 19 cha kanuni za uhamisho za FIFA kinakataza kumhamisha mchezaji wa chini ya miaka 18 kutoka nchi moja kwenda nyingine. Ruhusa zilizopo ni finyu, kwa mfano wazazi wenyewe wakihamia huko kwa sababu isiyohusu mpira. Klabu kubwa nazo hazipiti: mwaka 2014 FIFA iliizuia Barcelona kusajili kwa madirisha mawili kwa kosa hilihili la watoto.

Sasa huyo anayekuletea barua ya "majaribio" ya mtoto wa miaka 14, akidai dola za viza, dola za tiketi, dola za kufungua faili, anauza nini? Klabu inayomtaka mchezaji hujilipia gharama zake. Mkiona mtu anataka pesa itumwe kwa simu yenye jina la mwingine, anawahimiza mwamue leo, na anataka paspoti ya mtoto ibaki kwake, hapo hakuna mpira tena. Paspoti haitoki nyumbani.

Kambi ya wiki 2 inatosha kumfundisha mtoto wa miaka 8 kupokea mpira kwa miguu yote miwili na kucheza na wenzake wa komuni nyingine. Akifika miaka 13 na bado ana moyo, tafuteni akademia. Ile isiyouliza buletini ya shule (ripoti ya alama), piteni.

Nikimpunguzia miaka 2 kwenye cheti, si ataonekana hodari zaidi? (Bila jina)

Tangu 2009 FIFA hutumia picha za MRI za kifundo cha mkono kukagua umri kwenye mashindano ya chini ya miaka 17, na mfupa hausomi cheti cha komuni. Swali hili linarudi kila vakansi. Msiniletee tena.

Tunaandaa kambi: watoto 60 wa miaka 9 hadi 12, mipira 6, makocha 4. Inatosha? (Kocha kijana, komuni ya Kenya)

Mipira inatosha, watu hawatoshi. Kwa umri huo mtu mzima mmoja asibebe zaidi ya watoto 8, basi mnahitaji watu 8, mbali na yule wa kushika daftari na pesa. Si lazima wote wajue mpira. Mama mmoja anayehesabu watoto kabla ya kwenda chooni na wakirudi ana faida kuliko straika mstaafu anayeinamia simu. Hesabuni asubuhi, kila mapumziko, na jioni getini, na mtoto akabidhiwe kwa mtu aliyeandikwa kwenye fomu tu. "Mimi ni mjomba wake" si kitambulisho.

Kosa la kila mwaka ni foleni: watoto 15 nyuma ya koni moja, kila mmoja anagusa mpira mara moja, waliobaki wanatupiana mawe. Kateni kiwanja kikubwa vipande 6 vya mita 30 kwa 20, mkiacha nafasi ya mita 3 katikati. Wachezesheni watano kwa watano, mpira mmoja kila kipande. Wote 60 wanacheza kwa wakati mmoja, hakuna anayesubiri. Magoli yawe koni mbili mbili. Mpira uwe namba 4. Namba 5 ni kuanzia miaka 13 hivi, na mtoto wa miaka 9 akipewa namba 5 iliyojazwa upepo hadi mwisho anajifunza kuuogopa.

Halafu maji. Mpeni kila mtoto mililita 200 kila dakika 20. Kwa watoto 60 hizo ni lita 12 kila mara, na kwa mazoezi ya saa 2 ni lita 72, yaani bido 4 za lita 20. Yachemsheni, au tieni kidonge cha klorini cha lita 20 kwenye kila bido na mngoje nusu saa. Bido iliyowahi kubeba mazuti (dizeli) haitakati hata mkiisugua kwa mchanga. Kila mtoto awe na kikombe chake chenye jina. Kikombe kimoja kikizunguka watoto 60, siku ya tatu mnafunga kambi kwa kuhara, na jimbo letu la Haut-Katanga si mahali pa kuchezea kipindupindu.

Kipa wetu wa miaka 11 aligongwa kichwa na goti. Baada ya dakika 5 akasema yuko sawa, nikamrudisha. (Kocha, Katuba)

Umekosea. Aliyegongwa kichwa akapepesuka, akazubaa au akasahau matokeo, siku hiyo harudi mchezoni, hata kama ni fainali na hata kama baba yake anapiga kelele. Asiachwe peke yake. Akitapika, akizidi kuumwa kichwa, akilegea kwa usingizi, akitetemeka, au mboni ya jicho moja ikiwa kubwa kuliko ya pili, ni hospitali wakati huohuo. Kurudi ni hatua kwa hatua: kwanza asome bila kichwa kuuma, kisha mbio nyepesi, kisha mpira peke yake, na kugongana na wenzake mwisho kabisa, daktari akiruhusu.

Na kwa kuwa umeniandikia: acheni mazoezi ya kupiga vichwa kwa watoto wadogo. Uingereza iliyaondoa kwa watoto wa shule za msingi mwaka 2020. Pia yale magoli ya chuma ya kubebwa, yafungeni ardhini. Mtoto akining'inia kwenye mwamba, goli lote linamwangukia.

Mwanangu ni SS, ana selimundu. Nimwache nyumbani? (Mama, Ruashi)

Usimwache, Mama, lakini usimpeleke kimyakimya. Anza kwa daktari wake, akupe ruhusa ya maandishi, kisha iandike kwenye fomu na umwambie kocha ana kwa ana. Kuna wazazi wanaoficha kwa kuogopa mtoto atakataliwa. Wanamwachia kocha mgonjwa asiyemjua.

Maadui zake ni baridi, kiu, uchovu na homa. Julai, Lubumbashi huamka chini ya nyuzi 10 na mchana ikapita 20. Basi asianze saa 1 asubuhi na wengine, aanze saa 4. Abaki na sweta mpaka mwili upate joto, na jezi iliyolowa jasho ibadilishwe palepale. Anywe kabla ya kuona kiu, apumzike kila dakika 10 hadi 15, na akitaka kuketi aketi bila kuomba ruhusa. Mbio za kushindana na saa si zake, wala kuoga maji baridi baada ya mchezo. Akilalamika mifupa au kifua, akihema kwa shida, au homa ikifika 38.5, apelekwe hospitali, asikandwe.

Makocha, mtoto SS akisema mgongo unauma, unauma. Na hiyo adhabu yenu ya kuzunguka kiwanja mara kumi, hata kwa mtoto mzima wa afya haimfundishi kitu.

Abebe nini? (Mama, Kamalondo)

Sweta nzito, jezi 2, kaptula 2, soksi jozi 3, taulo, kandambili, kofia, kikombe, mafuta ya kujipaka kwa sababu vumbi la kiangazi hupasua midomo. Viatu viwe alivyovizoea. Vipya vitamtoa malengelenge siku ya kwanza. Akilala huko, chandarua. Mwenye pumu, pampu yake ikae mfukoni mwa kocha wa kundi lake, isifungiwe ofisini. Kaptula ya pili ni ya wanaoshangilia kwa kurukaruka kwa makalio kama Kidiaba, yule kipa wa zamani wa TP Mazembe: kwenye udongo mwekundu mkavu, moja haimalizi wiki.

Binti yangu ana miaka 13. Niulize nini kabla ya kulipa? (Mama, Kampemba)

Uliza kama choo cha wasichana kina komeo kwa ndani, kama kuna kocha wa kike tangu kufungua hadi kufunga, kama pedi zimo kwenye sanduku la dawa. Uliza nani analala wapi. Mtu mzima asilale chumba kimoja na mtoto asiye wake, wala asimkande mtoto wakiwa wawili ndani ya chumba. Uliza picha za watoto zinaenda wapi, na una haki ya kukataa. Mkuu wa kambi akikucheka, ondoka na pesa yako. Ukilipa, risiti.

Wa miaka 5 anaweza kulala kambini? (Papa, Katuba)

Hapana. Mlete asubuhi, mchukue saa 6 mchana.