Shamba la babu Malindi: anzia kwenye madai ya 1908

Ndugu, ukitaka kufuatilia ukoo wa babu yenu, usianze na vyeti vya kuzaliwa, anza na ardhi. Kama babu yenu alikuwa na mashamba ya minazi Malindi kabla ya Vita vya Kwanza, tafuta madai yaliyofunguliwa chini ya Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908. Kila aliyedai kumiliki ardhi ukanda wa pwani alitakiwa kujitokeza na kueleza ameipataje, amepakana na nani; ambayo haikudaiwa ilihesabika ya serikali ya Mwingereza. Humo ndimo utakuta majina ya baba yake, ndugu aliorithi nao, hata majirani. Hati zenyewe ulizia ofisi ya ardhi Mombasa, mafaili ya utawala yako Nyaraka za Taifa, Nairobi.

Usitafute kwa jina peke yake. Makarani waliandika walivyosikia, Seif huyo huyo akawa Sef au Saif. Fuata jina la mtaa na la aliyepakana naye.

Na tafadhali, waulize pia wazee wa familia za waliolima shamba lile. Wengi wa wakulima hao walikuwa watumwa au wajukuu wa watumwa, na mara nyingi hati haziwataji.